Fedha ya Nchi ya Kubuni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watunzi, Vikundi vya Maigizo na Waundaji wa Michezo, Lamu na Malindi

Ukurasa huu ni wa wale wanaotunga riwaya, mchezo wa jukwaani au mchezo wa mezani wenye nchi isiyokuwepo, na wanataka nchi hiyo iwe na fedha yake rasmi. Mifano yote imewekwa katika taifa moja la kubuni, la visiwa, ambalo sarafu yake ni mtepe. Mtepe wa kweli ni kile chombo cha kushonwa kwa kamba za makumbi kilichoundwa upande wa Lamu na Bajuni. Tumelichukua jina lake kwa heshima ya mafundi wake.

## Mambo ya kuanzia

1. Nianze na nini: jina, picha au thamani?

Anza na bei. Jina na picha vinaweza kungoja. Chagua vitu vitatu: kimoja cha kununuliwa kila asubuhi, kimoja cha kulipwa kwa kutwa, na kimoja ambacho mtu hukinunua mara moja au mbili maishani. Kwetu vitu hivyo ni hamri, kibarua na chombo cha baharini.

Tuseme mtepe 1 una pesa 64. Hamri moja ni pesa 1. Kibarua hulipwa pesa 48 kwa kutwa, yaani robo tatu ya mtepe. Ngalawa mpya ni mitepe 150. Sasa piga hesabu: mitepe 150 ni pesa 9,600, na ukigawanya kwa 48 unapata siku 200 za kazi. Je, katika nchi yako ni sawa kijana afanye kazi siku 200, bila kula wala kulipa deni, ndipo apate ngalawa? Kama si sawa, rekebisha sasa, kabla hujaandika sura ya pili.

Kosa tunaloliona zaidi ni mtunzi kutaja chai kwa fedha 2 mwanzoni na nyumba kwa fedha 50 mwishoni. Msomaji wa pwani ana jicho la bei, ataliona. Weka ukurasa mmoja wa bei kando ya muswada, kila bei mpya iingie humo.

2. Sarafu kubwa igawanywe mara ngapi? Mia haitoshi?

Mia inatosha kwa hadithi ya leo na kwa michezo ya watoto, kwa sababu senti 100 kwa shilingi ndiyo hesabu tuliyoizoea. Kwa hadithi ya zamani, kugawanya kwa nusu kuna ladha ya kweli zaidi. Rupia iliyotumika pwani hii ilikuwa na ana 16, na kila ana ilikuwa na pesa 4, jumla pesa 64. Kampuni ya Kiingereza iliyotawala kutoka Mombasa ilitoa pesa zake za shaba mwaka 1888, zenye picha ya mizani.

Nguvu ya 64 iko sokoni. Unaigawa nusu ukapata 32, kisha 16, 8, 4, 2, 1, bila kubaki kipande. Mia ukiigawa unafika 50, kisha 25, halafu umekwama. Muuzaji anayepima kwa kibaba, nusu kibaba na robo hahitaji kalamu. Na maneno unayo tayari mdomoni mwa wahusika: nusu, robo, thumni.

Ukitaka mgogoro katika hadithi, chukua mfano wa Wajerumani ng'ambo ya mpaka: mwaka 1904 waliacha pesa 64 kwa rupia wakaweka heller 100. Kila bei ndogo ya sokoni ililazimika kuhesabiwa upya.

3. Jina la fedha lichaguliwe vipi?

Liwe fupi, na ulijaribu katika mazungumzo kabla ya kulipitisha. "Mitepe mitano" inabadilika umoja na wingi. "Shilingi tano" haibadiliki. Yote mawili ni sawa, ila jina la ngeli ya M-MI litakudai upatanisho kila mahali, hata pale mhusika anaponena kwa hasira. Epuka majina ya fedha za nchi zilizopo. Jina la sarafu ndogo liwe rahisi kuliko la kubwa, kwa kuwa ndilo litakalotamkwa mara nyingi.

4. Lazima nchi iwe na benki kuu?

La. Nchi inaweza kuishi kwa fedha ya wengine, na pwani yetu iliishi hivyo muda mrefu. Reale ya Shamu iliyopita mikononi mwa babu zetu ilikuwa na sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki 1780. Viwanda viliendelea kuitengeneza baada ya kifo chake, na kila moja ikachapwa mwaka ule ule, 1780. Hakuwahi kutawala hata jiwe moja la pwani hii. Watu waliamini madini ya fedha yaliyomo ndani na muhuri waliouzoea. Reale yenye mwaka tofauti au michoro iliyokosewa ilitiliwa shaka.

Kwa mtunzi hili ni dafina. Fedha ya nchi yako inaweza kuwa na uso wa mtu ambaye hakuna raia anayemjua.

## Kujifunza kutoka kwa fedha za kweli za pwani

5. Ni fedha zipi za pwani zinazofaa kuwa mfano?

Ziko nyingi, na tunawasihi watunzi waziangalie kabla ya kukimbilia dola na dhahabu za hadithi za Ulaya. Shanga, katika kisiwa cha Pate, palipatikana sarafu ndogo sana za madini ya fedha zilizotengenezwa huku huku. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 ilifukuliwa akiba ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha na chache za dhahabu. Kilwa walipiga sarafu za shaba kwa karne kadhaa, na sarafu za Kilwa zimeokotwa hadi visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Manda, mwaka 2013, ilipatikana sarafu ya Kichina ya mfalme Yongle, aliyetawala 1402 hadi 1424, yenye tundu la mraba katikati.

Kisha zikaja reale, rupia, florini iliyodumu kwa muda mfupi tu, na shilingi ya Afrika Mashariki. Benki Kuu ya Kenya ilifunguliwa Septemba 1966, nayo shilingi ya Kenya ikaanza.

Jambo la kushika: karibu kila wakati zilizunguka fedha za aina zaidi ya moja pamoja. Nchi ya kubuni yenye sarafu moja safi isiyoguswa na ya jirani ni nchi isiyo na bandari.

6. Mhusika wangu anatoroka na reale 1,000 mfukoni. Inawezekana?

Haiwezekani. Reale ya Maria Theresa ina uzito wa gramu 28.07 na upana wa karibu milimita 40. Reale 100 ni kilo 2.8. Reale 1,000 ni kilo 28, karibu nusu ya uzito wa mtu mzima mwembamba. Atahitaji punda, au wenzake wawili, au hundi ya mfanyabiashara anayeaminika upande wa pili wa bahari.

Kwa fedha yako, amua uzito wa sarafu kubwa mapema na uuandike kwenye ule ukurasa wa bei (swali la 1). Hadithi nyingi za wizi na safari zinanyooka zenyewe mtunzi akishajua mzigo una kilo ngapi.

7. Kauri, yale makombe madogo ya baharini, zinaweza kuwa fedha rasmi ya kisiwa?

Zinaweza, lakini si kwenye kisiwa ambako mtu anazizoa ufukweni maji yakitoka. Kitu hufanya kazi ya fedha kinapokuwa kigumu kupatikana hapo kinapotumika. Kauri za Maldives zilitumika Bengali na Afrika Magharibi, mbali na zilikookotwa. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kijerumani walijaza meli kauri za Zanzibar na pwani hii wakazipeleka Afrika Magharibi. Zilifurika kule, na aliyekuwa ameweka akiba ya maisha yake kwa kauri akaona akiba inayeyuka.

Basi wafanye raia wako wauzaji wa kauri kwa nchi ya mbali, na wao wenyewe watumie kitu kingine.

## Michoro, maandishi na sheria

8. Niweke sura ya mfalme au rais?

Ni uamuzi wa kisiasa wa nchi yako, kwa hiyo ufikiriwe hivyo. Sarafu za Kilwa zilikuwa na maandishi matupu. Kenya, tangu Katiba ya 2010, ibara ya 231, fedha haziruhusiwi kubeba sura ya mtu yeyote. Ndiyo maana sarafu za Desemba 2018 zina wanyama: twiga kwa shilingi 1, faru kwa 5, simba kwa 10 na ndovu kwa 20.

Kwa jukwaa, mnyama au chombo huonekana vizuri kutoka viti vya nyuma kuliko uso wa mtu. Kwa riwaya, sura iliyokwanguliwa na wapinzani inaweza kubeba sura nzima ya kitabu.

9. Maandishi yawe gani?

Hapa ndipo pwani inapowazidi wengi. Sarafu za Kilwa ziliandikwa jina la sultani upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yaliyochaguliwa ili yawe na kina kimoja na jina lile. Sarafu nzima ni beti ndogo. Ni ajabu kwamba watunzi wa Lamu, mji wa mashairi, hawaitumii njia hii zaidi.

Fanya hivi: andika jina la mtawala wako kwa mizani 8, kisha tafuta mstari wa mizani 8 wenye kina hicho hicho. Kwa mfano, mbele "Mwana Aziza wa Pwani", nyuma "Tegemeo ni Manani". Mtawala akipinduliwa, mshairi wa nchi hupewa kazi ya kutafuta kina kipya.

Kwenye karatasi, maneno yasizidi mistari minne, na thamani iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Herufi ndogo kuliko ukubwa wa 7 huziba wino katika mashine za saiba.

10. Si kosa la jinai kuchapisha fedha ya kubuni?

Fedha isiyofanana na ya nchi yoyote ni karatasi ya mchezo tu. Kosa ni kufananisha. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, inakataza kutengeneza karatasi inayofanana na noti halali kiasi cha kuweza kudanganya.

Kwa hiyo usianze na picha ya noti halisi ukaibadilisha. Usitumie nembo ya taifa, jumba la KICC, neno "shilingi" wala "Benki Kuu ya Kenya". Pima noti ya mfukoni mwako kwa rula, ya kwako ihitilafiane nayo kwa sentimita 1 au zaidi kwa urefu na kwa upana. Chapisha nyuma, kwa herufi zinazoonekana, "Fedha ya mchezo". Kuna sababu nyingine ya kutonakili: noti nyingi duniani zina mpangilio wa vijiduara vitano ambao mashine za rangi huutambua na kukataa kuendelea.

## Kutengeneza

11. Karatasi gani, na noti ngapi hutoka kwenye A4?

Karatasi ya kawaida ya gramu 80 (kwa mita ya mraba) inafaa kwa majaribio. Kwa kazi ya kudumu chukua gramu 100 hadi 120. Ukipita 160, mashine nyingi ndogo huimeza vibaya au hukwama.

A4 ikilazwa ni milimita 297 kwa 210. Noti ya jukwaani ya 130 kwa 65 hutoka 6: mbili kwa upana, tatu kwa kwenda chini. Noti ya mchezo wa mezani ya 90 kwa 48 hutoka 12. Usiache nafasi kati ya noti na noti. Mstari mmoja wa kukata utumikie zote mbili, utapunguza kazi ya mkasi kwa karibu theluthi.

Rangi ni ghali. Njia ya nafuu ni kununua karatasi za rangi, kila thamani na rangi yake, ukachapisha kwa wino mweusi peke yake. Mchezaji naye huitambua noti kabla hajaisoma.

12. Mbele na nyuma hazikutani. Kwa nini?

Kwa sababu mashine huivuta karatasi kwa kuteleza kidogo, milimita 1 hadi 3, mara ya pili kuliko ya kwanza. Mtelezo huo huwezi kuuondoa kabisa. Fremu ya nyuma iwe ndani milimita 5 kutoka ukingoni, au usiweke fremu kabisa, hapo kosa halionekani.

Kama nyuma imetoka miguu juu, umegeuza karatasi kwa upande usiofaa. Chapisha moja, toboa kwa pini katika pembe moja ya noti, uone tundu linatokea wapi nyuma. Ndipo uchapishe zilizobaki.

13. Wino unatoka mikononi.

Huo ni wino wa maji. Jasho na unyevu wa bahari vinauyeyusha. Mwombe mwenye saiba akuchapishie kwa mashine ya leza. Unga wake huyeyushwa kwa moto ukashika karatasi, na maji hayauondoi. Udhaifu wake ni mikunjo, maana noti ikikunjwa mara nyingi unga hubanduka kwenye mstari wa mkunjo. Usiweke maandishi muhimu katikati kabisa.

Leza pia ndiyo inayokubali kuzeeshwa. Chovya noti katika chai ya rangi iliyopoa kwa dakika 10, itandaze kivulini, ikikauka ipige pasi ya moto mdogo ukiifunika kwa kitambaa. Noti ya wino wa maji ukiichovya hivyo itabaki doa.

14. Sarafu za kifuu cha nazi hutengenezwa vipi?

Hizi ndizo tunazozipenda zaidi, kwa sababu zina uzito mkononi na zinalia zikigongana.

Chagua kifuu cha nazi iliyokomaa, kikavu, kisicho na ufa. Kwangua makumbi yote. Shika kwenye drili msumeno wa duara wa milimita 30. Utakupa kidude cha milimita 26 hivi, kwa sababu meno hula pembeni. Usizidi hapo, kifuu kimepinda, na sarafu kubwa itayumba mezani. Chini ya kifuu weka kipande cha mbao laini ukibane. Ukitoboa hewani, ukingo hupasuka msumeno unapotokea upande wa pili. Vaa miwani na kitambaa puani, vumbi lake ni kali.

Msumeno utaacha tundu katikati kutokana na ncha ya kuongozea. Usilizibe. Senti 5 na 10 za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu, na watu walizitunga kwenye uzi. Piga msasa namba 80, kisha 120, kisha 240. Chora thamani kwa msumari uliopashwa moto, umalizie kwa tone la mafuta ya nazi. Usitumie vanishi nzito, hunata kwenye joto.

15. Na za chuma?

Sonara anaweza kukukatia shaba, lakini mpelekee mchoro wako mwenyewe na umwambie ni ya mchezo gani. Mzingatie masharti ya swali la 10. Kwa kikundi chenye bajeti ndogo, vifuu vinatosha.

16. Bunda la noti la jukwaani linahitaji karatasi ngapi?

Karatasi 100 za gramu 80 zina unene wa karibu sentimita 1. Bunda la noti 100 linahitaji noti 6 tu zilizochapishwa: 3 juu na 3 chini. Hiyo ni A4 moja. Zilizobaki 94 ni karatasi tupu za ukubwa ule ule, A4 16. Funga kwa ukanda wa karatasi, usitumie mpira. Mpira huliacha bunda limepinda, na mtazamaji huona weupe wa katikati.

17. Mchezo wa watu sita unahitaji noti ngapi?

Tuseme kila mchezaji anaanza na 200: noti 5 za moja, 3 za tano, 3 za kumi na 3 za hamsini. Chapisha kwa ukubwa wa 12 kwa A4: karatasi 4 za moja, 3 za tano, 3 za kumi, 3 za hamsini na 2 za mia. Ni karatasi 15, noti 180. Wachezaji wakishapewa 1,200 zao, benki hubaki na 3,588.

## Mambo ya pembeni

18. Chenji zinaisha kila mara. Tuchapishe zaidi?

Mara nyingi tatizo liko kwenye bei. Bei kama 7, 13 na 19 humeza noti za moja. Zifanye 5, 10 na 20, na chenji zitarudi. Kama chenji zipo lakini bei za mnada zinapanda kila mzunguko, fedha inaingia kuliko inavyotoka: benki inalipa watu na haiwatozi. Weka ushuru wa bandari au gharama ya kutengeneza chombo, fedha irudi benki. Ni hali ile ile ya kauri katika swali la 7.

19. Nataka serikali ya kubuni ibadilishe fedha katikati ya hadithi. Nini hutokea?

Wadaiwa na wadai hugawanyika, na hapo ndipo hadithi ilipo. Mwaka 1920 rupia ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na thamani ya shilingi 1 na peni 4 za Kiingereza kabla ya vita, iliwekwa kwenye shilingi 2 na kubadilishwa kwa florini. Deni la rupia 15 lililokuwa sawa na pauni 1 likawa pauni 1 na nusu. Mdaiwa hakukopa hata senti zaidi.

Mfano wa karibu ni noti ya zamani ya shilingi 1,000 ya Kenya: ilitangazwa kuondolewa 1 Juni 2019, na mwisho wake ukawa 30 Septemba. Noti za thamani nyingine zikaendelea. Jiulize, katika nchi yako nani ana magunia ya fedha asiyoweza kueleza alikoipata, na nani anaishi kisiwa cha mbali ambako tangazo linafika limechelewa?

20. Nchi mbili jirani zina fedha tofauti. Viwango viwekwe vipi?

Kwa riwaya, kiwango kimoja rahisi: shilingi ya Afrika Mashariki ilishikizwa 20 kwa pauni moja, nayo ilikaa hivyo miongo. Kwa mchezo wa mezani, mweke mbadilishaji anayekata 1 katika kila 20. Asipokata kitu, wachezaji watabadilisha huku na huko bila kikomo.

21. Tunaweza kuitumia kulipia chakula halisi kwenye tamasha la shule?

Ifanye kuponi: inunuliwe mlangoni, itumike siku hiyo, mahali hapo, na iandikwe hivyo. Usiiache izunguke madukani. Mwaka 2013, mtaa wa Bangladesh, Mombasa, wakazi walianzisha Bangla-Pesa, hati za kubadilishana bidhaa kati yao wakati shilingi zinapokuwa haba. Lengo lilikuwa jema, na bado walioianzisha walikamatwa. Mashtaka yakaondolewa baadaye mwaka huo. Ukiwa na nia ya fedha ya jamii, tafuta wakili kabla ya kuchapisha.

22. Nikitafuta mfano nimeokota sarafu kuukuu ya kweli ufukweni. Nifanye nini?

Usiisugue, usiitie ndimu, siki wala majivu. Asidi huondoa maandishi pamoja na kutu, na maandishi ndiyo yanayosema ni ya nani. Ipige picha pande zote mbili ikiwa na rula kando yake. Andika mahali hasa ulipoiokota, kama ilikuwa juu ya mchanga au ndani ya udongo, na maji yalikuwa yametoka kiasi gani. Iweke kwenye karatasi kavu, isiwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa.

Kisha ipeleke makumbusho ya Lamu au ya Malindi. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 inataka vitu vya kale vikipatikana viripotiwe, na inakataza kuviuza au kuvitoa nchini bila kibali. Usiendelee kuchimba mahali pale. Sarafu iliyotolewa kwenye udongo wake bila kumbukumbu haiwezi tena kusema iliwekwa pamoja na nini. Kwa mchezo wako, ile picha yenye rula inatosha kuchora mfano wa ukubwa sahihi.